Skuta ya Bonyokwa: niliyokosea kabla sijajua kuitumia

Hesabu niliipiga nyuma ya daftari la mtoto, umeme umekatika, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai inimulikie. Boda kutoka nyumbani Bonyokwa, hapa Dar es Salaam, hadi Kimara Mwisho, shilingi 2,000. Kutoka hapo basi la mwendokasi hadi Kisutu, karibu na ofisi yetu. Jioni hivyo hivyo kurudi, na mvua ikinyesha boda inapanda hadi 3,000 na huna la kuwafanya vijana, maana wote waliobaki kijiweni wameshakubaliana kwa macho. Nikazidisha mara siku 22 za kazi. Boda peke yake, bila mvua, 88,000 kwa mwezi. Hapo sijaenda sokoni, sijaenda kliniki, sijaenda kwenye kikoba.

Nikasema basi, natafuta usafiri wangu.

Kaka yangu alitaka ninunue Vitz. Yeye anayo, anaipenda, anaifuta vumbi kila asubuhi. Lakini huyo huyo kaka anatoka kwake saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi kazi ya saa mbili, na mara mbili nimemkuta amelala ndani ya gari Posta, kiti amekilaza, anasubiri ofisi ifunguliwe. Vitz ni gari ndogo ukiwa unatafuta pa kuegesha. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo ni gari kama gari nyingine, inachukua nafasi yake barabarani na inasubiri zamu yake nyuma ya lori. Halafu bei: yenye hali ya kueleweka ilikuwa inaanzia milioni 9, na mimi akiba yangu yote ilikuwa milioni 2 na chenji.

Skuta niliipata kwa milioni 1.6. Nyekundu, 125 cc, mtumba kutoka nje, haina gia, unavuta mafuta tu inakwenda. Niliipenda kwa sababu mbili ambazo leo naona aibu kuzitaja: rangi, na sehemu ya miguu ilivyo wazi, kwamba naweza kukaa na gauni bila kutanua miguu. Ya pili kwa kweli ina maana. Dada yeyote anayevaa dira au baibui anajua habari ya nguo kuingia kwenye mnyororo wa boda. Skuta haina mnyororo wa nje, na hilo peke yake limenipunguzia hofu. Lakini kwa rangi nilinunua kama mtu anayenunua pochi.

Muuzaji aliniwashia, ikawaka, nikalipa. Kadi aliyonipa ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa. Nilipouliza, akanitolea karatasi mbili za mauziano zilizoandikwa kwa mkono, mmoja kamuuzia mwingine, mwingine kamuuzia yeye. Nikaona sawa, si karatasi zipo. Wiki ya pili trafiki alinisimamisha Kimara, akaingiza namba kwenye mashine yake, akaniuliza kwa upole, "Mama, haya makosa mawili utayalipa lini?" Makosa ya nani, skuta ninayo siku tisa? Lakini mashine haimjui mwenye siku tisa, inaijua namba. Nikalipa. Stika ya bima nayo, ile iliyobandikwa vizuri mbele, ilikuwa imeisha miezi mitatu kabla.

Nadhani tunajisahau kwa sababu tangu 2017 serikali ilipofuta ile ada ya mwaka ya rodi laisensi, ikahamishia tozo kwenye mafuta, wengi tunaamini chombo hakiwezi tena kulala na deni. Kinaweza. Ukitaka kununua pikipiki au skuta ya mtumba, omba namba ya usajili kabla hujapanda hata daladala kwenda kuiona. Kwenye mfumo wa trafiki unaingiza hiyo namba unaona faini zinazodaiwa. Kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, unaingiza namba hiyo hiyo unaona kama bima iko hai au ni karatasi ya urembo. Ni dakika tano, na kifurushi chako cha kawaida kinatosha. Halafu mwenye jina kwenye kadi lazima apatikane, mwende wote mkahamishe umiliki mamlaka ya mapato, TRA. Mimi wa kwenye kadi alikuwa amehamia Tabora. Kumpata, kumbembeleza, kumtumia nauli ya kwenda kusaini na pesa ya usumbufu, ilinichukua miezi miwili na 150,000. Ningebakiza laki 3 za muuzaji mkononi hadi kadi isome jina langu, angemtafuta yeye huyo mtu wa Tabora, tena kwa mbio.

Kuendesha nilifundishwa na kijana wa boda wa mtaani kwetu, Jumapili, kwenye uwanja wa shule ya msingi, watoto wakishangilia kila nikizunguka goli. Nilidhani kwa kuwa nilijua baiskeli utotoni itakuwa rahisi. Nilichokuwa nakosea ni kuangalia tairi la mbele. "Dada, tairi halipotei, lipo tu," akaniambia. "Angalia unakokwenda." Maneno hayo niliyasikia tena kwa mwalimu wa shule ya udereva niliyemlipa pesa nzuri, ila kwa kijana yalikuwa bure pamoja na soda. Shule lakini nilikwenda, nikachukua lena, kibali cha kujifunzia, nikafanya mtihani, nikalipia leseni 70,000 ya miaka mitano. Ninakiri kwamba kabla ya kuipata nilishaendesha wiki nzima asubuhi na mapema kama mwizi. Usifanye hivyo. Si kwa ajili ya trafiki tu. Ukigonga mtu huna leseni, bima ina sababu nzuri ya kukugeuzia mgongo.

Sasa nije kwenye kosa lililonigharimu kuliko yote kwa upande wa chombo chenyewe: matairi.

Wakati ule barabara ya Bonyokwa kwenda Kimara ilikuwa vumbi kiangazi na makorongo masika, na ina vilima vya kukuonyesha mbingu. Tairi za skuta yangu ni inchi 10. Pikipiki ya boda ina inchi 17 au 18. Kwenye duka tofauti hiyo ni ya kupendeza macho, skuta inaonekana mtoto. Kwenye shimo la upana wa sahani, tairi la boda linapita juu yake, la kwangu linaingia ndani na kukaa. Mara ya kwanza nilianguka kwa mwendo wa mtu anayetembea, mbele ya duka la Mpemba, na mkungu wa ndizi mbele ya miguu. Sikuumia. Ndizi ziliumia.

Kilichofuata ni mkanda. Skuta za aina hii hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Kuna mkanda wa mpira ndani ya kasha la kushoto unaozungusha tairi la nyuma, unajibana na kujilegeza wenyewe kadiri unavyovuta mafuta. Kwenye lami tambarare ni raha tupu. Kwenye vilima na vumbi la Bonyokwa unachoka kabla ya wakati. Siku ulipokatika nilikuwa nusu ya mlima, injini inalia juu kabisa na skuta inarudi nyuma. Nilibana breki zote mbili, nikasimama pale na miguu inatetemeka, hadi baba mmoja muuza maji alipoacha mkokoteni wake kuja kunishikia.

Fundi alipofungua lile kasha, vumbi lilimwagika kama unga wa muhogo. Akaliacha lishuke lote chini, akanionyesha kwa bisibisi mkanda uliochanika nyuzi nyuzi. "Hii mashine ni ya mjini, dada," akasema. Nikamwambia huku si mjini? Akacheka. Mkanda haukupatikana Kimara wala Manzese. Niliutafuta Kariakoo siku mbili na ule uliokatika nimeubeba kwenye mfuko wa rambo, na kila duka likiniambia "wa hiyo hatuna, tuna wa ile ya Kichina". Ndipo nikaelewa kwa nini vijana wa boda wote wanaendesha aina zile mbili tatu zile zile. Kila kona kuna spea zake, na fundi wake anaweza kuwa mtoto wa miaka 17 chini ya mwarobaini. Kabla hujanunua, nenda kwa fundi wa mtaani kwako, si wa muuzaji, umuulize neno moja tu: hii mkanda wake unapatikana wapi? Akikuna kichwa, achana nayo.

Aliyenifumbua macho zaidi ni mzee mmoja pale gereji, aliyewahi kuwa na pikipiki ya Honda Cub miaka hiyo. Ile ina matairi makubwa ya inchi 17, miguu inapita wazi mbele kama skuta, mnyororo umefunikwa, gia unakanyaga bila klachi. Walianza kuitengeneza Japani 1958, na kufika 2017 zilikuwa zimeshatoka zaidi ya milioni 100. Mzee alisema kwa kifupi kwamba Wajapani walishafanya hesabu yangu kabla sijazaliwa. Nilinyamaza, maana milioni 1.6 yangu ilikuwa imelala pale chini imefunguliwa ubavu.

Kuna jambo la usiku pia ambalo kwenye daftari sikuliandika. Unailaza wapi? Sisi tunapanga, nyumba ina wapangaji watano na uzio wa mabati. Wiki ya kwanza niliiacha nje, asubuhi kioo cha pembeni kimoja hakipo. Nikaanza kuiingiza koridoni. Mama mwenye nyumba siku ya kwanza alinyamaza, ya pili akafungua dirisha kwa nguvu, ya tatu akaniita. "Mwanangu, hii harufu ya petroli na majiko yetu haya, utatuua." Alikuwa na haki, koridoni pale kila mtu anapikia mkaa. Tulimaliza kwa mimi kujenga kibanda kidogo cha mabati ubavuni mwa nyumba, mnyororo umefungwa kwenye nguzo iliyozamishwa kwenye zege: 180,000. Kibanda ni changu, ardhi si yangu, siku nikihama kinabaki.

Baada ya hayo yote nilikuwa na ndoto moja ya kunifariji: kwenda nayo hadi Kisutu kila siku, kilomita kama 20, foleni naiona kwa pembeni tu.

Na wiki mbili za mwanzo ilikuwa kweli. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, saa moja na robo nipo ofisini. Niliwapita waliokuwa wamejazana mlangoni kwenye basi na nikajisikia mtu aliyegundua siri. Baadaye siri ikaanza kunilipisha. Jua la saa tisa alasiri ukiwa umesimama kwenye taa za Magomeni, lami inakupuliza kutoka chini na bomba la moshi la lori kutoka ubavuni. Shati jeupe linafika kijivu. Nywele: mafundo na helmeti havipatani, nikaishia kusuka twende kilioni mwaka mzima na wigi nalibeba kwenye mfuko, nalivaa chooni ofisini kama mwigizaji. Helmeti ya kwanza nilinunua ya 25,000, nyepesi kama bakuli. Usinunue hiyo. Nilikuja kununua ya 90,000 na tofauti yake niliijua siku moja tu, nayo ilitosha.

Mvua ndiyo iliyonifundisha kwamba chombo kidogo kina kalenda yake. Masika Jangwani pakijaa, Morogoro Road inafungwa kwa kila mtu, mwenye Prado na mwenye skuta mnageuka wote. Lakini hata mvua isiyofunga barabara inafunika mashimo, na kwa tairi la inchi 10 maji ni pazia, hujui nyuma yake kuna nini. Niliweka sheria yangu: kukiwa na wingu zito asubuhi, skuta inabaki. Nilipohesabu mwisho wa mwezi wa nne, nilikuwa nimeendesha siku tisa tu. Nauli za siku zilizobaki nililipa kama kawaida. Hiyo nayo haikuwemo kwenye daftari.

Ajali ilitokea siku ya jua, barabara kavu, karibu na nyumbani, Baruti, saa kumi na mbili na robo jioni. Daladala limesimama kituoni, konda ananing'inia mlangoni anaita Mbezi, Mbezi. Mimi napita kuliani kwake, mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa. Konda akagonga bodi mara mbili. Mlio huo kila mtu wa Dar anaujua: twende. Niliusikia vizuri kabisa, na maana yake naijua tangu utoto. Lakini miaka yote nilikuwa nausikia nikiwa ndani ya basi, nikishika bomba nisianguke. Mwili wangu ulielewa "shikilia", haukuelewa "punguza". Daladala likatoka bila indiketa, kona ya bampa lake ikanigusa mkono wa usukani, nikalala kuliani. Helmeti ilipiga lami na sauti yake bado naisikia nikiwa naosha vyombo. Gari lililokuwa nyuma yangu lilifunga breki. Nikikumbuka lile gari ndipo naogopa, la daladala silikumbuki kwa hofu.

Hapo nilikosea mara tatu kwa dakika kumi. La kwanza, niliinuka haraka kwa aibu, gauni limechanika, nikaanza kuokota vitu badala ya kutulia. La pili, konda alishuka akasema "Pole dada, lakini ulikuwa unapita wapi?", akapanda, wakaondoka, na mimi sikuchukua namba. Maandishi ya kioo cha nyuma nayakumbuka hadi leo, yalikuwa na neno "Mvumilivu". Namba za usajili sikuziangalia. La tatu, nilikwenda moja kwa moja hospitali, mkono umevimba kama andazi, nikaambiwa bila PF3, ile fomu ya polisi, matibabu ya ajali yana mgogoro. Mume wangu akarudi kituoni kuifuata, saa mbili nzima mimi nipo kwenye benchi.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Nilifungwa hogo, ile plasta ngumu, wiki sita. Bima ya afya ya kazini ililipa sehemu, mfukoni zilitoka 240,000, na kuitengeneza skuta 110,000. Nilipouliza habari ya bima ya skuta, ile niliyoilipia 59,000, ndipo nikasomewa vizuri kile ambacho nilikuwa nakiita bima ndogo bila kufikiri. Bima ndogo inamlipa uliyemuumiza wewe. Wewe mwenyewe na chombo chako hamumo. Aliyetakiwa kunilipa ni bima ya lile daladala, na kwa namba ya usajili kampuni yake ingejulikana siku ile ile. Namba sina. Mtu akiwa amelala barabarani hawezi kufikiri hivyo, najua. Basi mwambie anayekuinua. "Piga picha gari" ni maneno matatu, yatoke kabla ya "nimeumia".

Mama alisema niiuze. Mume wangu hakusema kitu, akaifunika turubai. Ilikaa chini ya turubai miezi mitatu, nikarudi kwenye boda na mwendokasi, nikawa na muda wa kufikiri dirishani.

Nilichokiona ni kwamba daftari langu la kwanza lilikuwa na jibu na mimi sikulisoma. Pesa nyingi na muda mwingi havikuwa vinaliwa na zile kilomita kama 16 za Kimara hadi mjini. Pale mwendokasi, hata likijaa, lina njia yake. Pesa ilikuwa inaliwa na kilomita nne na nusu za Bonyokwa: 2,000 kwenda, 2,000 kurudi, na kungoja. Mimi nilichukua chombo kidogo nikakipeleka kupigania nafasi na malori kwenye barabara kuu, mahali ambapo tayari kulikuwa na basi, nikakidharau mahali ambapo hakukuwa na kitu kingine.

Kwa hiyo sasa naiendesha hadi Kimara tu. Naiacha kwenye uwanja wa kuegesha wenye mlinzi, 1,000 kwa siku, napanda basi. Jioni nashuka, naichukua, napitia genge, nafika. Kilomita tisa kwa siku, mwendo wa taratibu, watu wote njiani wananijua. Barabara nayo imeanza kuwekwa lami kipande kwa kipande.

Hesabu mpya ndiyo hii, na sitaipamba. Mafuta lita kama 6 kwa mwezi, sema 18,000. Uwanja 22,000. Oili, pancha, fundi, nikigawa kwa miezi ni 15,000. Bima 5,000. Jumla 60,000. Boda ilikuwa 88,000. Naokoa 28,000 kwa mwezi, na kwa bei niliyonunulia inanichukua karibu miaka mitano kurudisha pesa yangu, hapo sijagusa kibanda, mtu wa Tabora wala hogo. Anayekwambia skuta inajilipa ndani ya mwaka muulize kama anaifanyia biashara. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, pesa haikuwa sababu nzuri.

Sababu nzuri niliipata bila kuitafuta. Mwisho wa mwezi tunafunga mahesabu, natoka ofisini saa tatu usiku. Zamani nikishuka Kimara saa nne nilikuwa naangalia nyuso za vijana wa boda nichague nimjuaye, na nisipomwona nampigia mume wangu abaki kwenye simu hadi nifike. Sasa namkuta mlinzi amekaa, namsalimia, nawasha, naondoka. Hiyo kwenye daftari sijui ningeiandika shilingi ngapi.

Mtoto simpakii. Ana miaka sita, na kanuni za bodaboda zenyewe zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa, ingawa kila asubuhi mtaani kwetu unaona watoto watatu wamepangwa mbele na nyuma kama mikate. Sina la kuwaambia wazazi wenzangu, najua shule iko mbali na najua nauli. Mimi tu, baada ya ile sauti ya helmeti, siwezi. Anakwenda na mama wa jirani kwa miguu.

Wengi wananiuliza habari ya zile za umeme. Jirani anayo. Betri yake ni ya volti 72 na saa-ampea 20, maana yake ikijaa kutoka sifuri inameza kama uniti moja na nusu ya umeme wa LUKU, na kwa bei ya uniti tunayolipa sisi ya 350 na ushee, hiyo ni kama 550. Mafuta hayafui dafu hapo. Lakini anaibeba betri hadi ndani kila usiku, ni nzito kama ndoo ya maji, na umeme ukikatika usiku kucha asubuhi anapanda boda. Mlima wa pale kwa Mpemba akiwa na abiria inapanda kwa kuomba. Betri ikichoka bei yake ndiyo swali, na bado haijachoka, kwa hiyo bado anafurahi.

Mimi nimeamua kuiuza hii nyekundu ninunue yenye matairi makubwa. Jumamosi iliyopita alikuja binti mmoja kuiona, mwalimu, anaishi Segerea. Aliizunguka, akagusa siti, akauliza kama kuna rangi nyingine ya kava, akauliza inakula mafuta kiasi gani. Akakaa juu yake, akajitazama kwenye kioo cha pembeni, kile kipya. Akaanza kufungua pochi. Alikuwa hajauliza kadi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, funga pochi kwanza, toa simu." Nikamsomea namba ya usajili, herufi moja moja, tukakaa wote kwenye ngazi ya kibanda kusubiri ukurasa wa faini ufunguke.